Mlio wa Jumatano

Jumatano, 6 Machi

Mvua zimeanza, na gari nalo limeanza. Shajara hii nilipewa kazini mwezi wa kwanza, ikakaa juu ya kabati ikisubiri mambo ya maana. Basi jambo la maana limepatikana: gari langu linalia.

Nilikuwa nampeleka mama mkwe kliniki. Yuko kwetu tangu mwezi uliopita, anamshonea binti yake wa mwisho, shemeji yangu, gauni la harusi, na kila Jumatano anakwenda kuangaliwa miguu. Tulipoingia kwenye lami mpya, redio imezimwa, nikasikia tiki-tiki-tiki-tiki. Mlio mdogo, mkavu, wa chuma kinachogonga kitu kigumu. Nikapunguza mwendo, nikageuza kichwa niusikilize vizuri, ukakatika. Nikamuuliza mama mkwe kama ameusikia. Akasema masikio yake siku hizi hayana habari na mtu.

Mimi ni fundi mitambo wa redio. Studioni wananiita Antena, kwa sababu feni ikikwaruza chumba cha tatu mimi ndiye wa kwanza kukunja uso. Gari langu mwenyewe kulia pembeni yangu, halafu likanificha linakolilia, ni kunivunjia heshima.

Alhamisi, 7 Machi

Kazini na kurudi. Kimya.

Jumatano, 13 Machi

Limelia tena, kwenda na kurudi. Nimejaribu kila hila: kuzima kiyoyozi, kufungua kioo, kufunga kioo, kutoa sarafu kwenye kisahani cha kando ya gia. Nilifika hospitalini shingo imekakamaa. Mama mkwe alishuka, akaingia kwenye foleni na mkoba wake. Kabla sijageuza gari alikuwa ameshatoa kipande cha pindo na kuanza kushona, kwa mkono wa kushoto, maana ana shoto. Ile subana yake, kikofia cha chuma cha kuzuia sindano isichome kidole, haivui kamwe. Mke wangu anasema labda akiwa anaoga.

Hataki nimsindikize ndani. Namwacha getini, namfuata getini.

Ijumaa, 15 Machi

Nimelipeleka gari kwa Spana, fundi wangu wa siku zote, mtu mwenye kelele kuliko gari lolote alilowahi kulitengeneza. Tumezunguka nalo mtaa mzima. Kimya kama limefiwa. Spana akaniambia nilete gari pamoja na mlio wake, maana nikimletea gari peke yake yeye atatengeneza nini. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Nami nikacheka, kwa shida.

Jumapili, 17 Machi

Mvua kutwa. Stoo inavuja.

Jumatano, 20 Machi

Leo nimegundua mambo mawili, na la pili sitaki kuliandika.

La kwanza: mlio unakuja kwenye lami laini, na unanyamaza kwenye mashimo. Gari lenye akili timamu linafanya kinyume chake. Kwenye ile barabara ya nyuma ya soko, ambako hata meno ya mtu yanagongana, hakuna mlio. Tukirudi kwenye lami, tiki-tiki-tiki. Mama mkwe kwenye mashimo anashika kile kishikio cha juu ya mlango kwa nguvu zake zote na kufumba macho. Nadhani haamini uendeshaji wangu.

La pili: linalia Jumatano tu. Na Jumatano kuna kitu gani garini ambacho siku nyingine hakimo?

Mama mkwe ni mtu wa mwili. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemweleza Spana. Kwanza alicheka mpaka akaegemea jeki, kisha akawa fundi. Akasema inawezekana kabisa: kiti cha mbele kikipata uzito, bushi, zile raba za chini, za upande ule zinabanwa, chuma kinagusa chuma. Kinachotakiwa ni kupakia uzito uleule, mahali palepale, mwenyewe asiwepo, ili yeye asikilize chini kwa nafasi.

Jioni nikamuuliza mke wangu mama yake ana kilo ngapi. Nikamwambia nimesikia dawa hutolewa kwa kuangalia uzito, nisije nikaulizwa kliniki nikabaki kukodoa macho. Mke wangu aliniangalia kwa muda, akanishika mkono. Akasema hakujua kuwa namfikiria mama yake kiasi hicho.

Mtu mwenye haya angeishia hapo.

Jumamosi, 23 Machi

Niandike yote, hata kama mkono hautaki.

Mke wangu alikuwa ametoka kwenda kununua vifungo vya gauni. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake, nikadhani amelala. Spana alikuja nyumbani, manyunyu yakimpiga. Tukachukua gunia, tukajaza mchanga uliobaki tulipojenga ukuta, tukaliweka juu ya mizani ya bafuni. Tukawa tunaongeza kwa bakuli na kupunguza kwa bakuli, mpaka namba ikawa ile niliyopewa na mke wangu kwa upendo. Tukalibeba wawili, tukalikalisha kiti cha mbele, nikalifunga mkanda ili lisianguke kwenye kona. Spana akavua kofia yake, akalivika.

Tulikwenda mpaka lami mpya. Spana alikaa nyuma, ameinamisha kichwa kati ya viti, na kila kona anauliza, "Mama Mkwe, hujambo huko?" Mimi nilikuwa nacheka. Sitaandika kwamba nilitabasamu. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Hakuna mlio. Tukarudi. Spana akashuka, akafungua mlango wa mbele, akainama kama dereva wa mheshimiwa, akasema kwa ile sauti yake inayofika mtaa wa pili:

"Shuka, Mama Mkwe, tumefika. Uzito wako tumeupima, hauna kosa."

Mama mkwe alikuwa amesimama barazani. Mkononi ana sindano na uzi. Alikuwa ametoka kunitafuta nimtungie.

Aliliangalia gunia. Akaangalia kofia, akaangalia mkanda. Spana alianza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ilikuwa imelowa, ingeweza.

"Mmelifunga mkanda," akasema. "Vizuri."

Akarudi ndani. Uzi hakuniomba tena.

Usiku alikula nusu ya chakula chake, akasema ameshiba. Mke wangu akamuuliza mchana ulikuwaje. Akajibu kwamba ulikuwa wa mvua. Hakunisema. Nilikaa pale natafuna huku nikimshukuru kimoyomoyo, na shukrani yenyewe ilikuwa ya mwizi.

Jumapili, 24 Machi

Sikumwomba msamaha. Nilitaka nianze, nikakuta anasali.

Jumatatu, 25 Machi

Sikumwomba. Alikuwa anashona.

Jumatano, 27 Machi

Asubuhi mama mkwe alifungua mlango wa nyuma. Nikamwambia, "Mama, mbele kuko wazi." Akasema nyuma atanyoosha miguu vizuri zaidi. Akakaa nyuma yangu, upande wa kulia, mkoba mapajani na mikono juu ya mkoba.

Gari halikulia. Lami yote, kwenda na kurudi, halikulia hata mara moja. Nami, ambaye aibu ya Jumamosi haijanikauka, nilifurahi. Nilipiga usukani kofi. Nikampigia Spana simu kumwambia ni kiti, ni kiti tu, tukifungue. Mama mkwe alikuwa nyuma anasikia kila neno.

Jumatatu, 1 Aprili

Studioni nimewasimulia habari ya gunia. Nilipofika kwenye kofia, msoma taarifa ya habari aliangusha kikombe kwa kicheko. Halafu, kwa kuwa ni siku ya wajinga, nusu yao hawakuamini. Nikawaapia kuwa ni kweli.

Nilirudi nyumbani nina ladha mbaya mdomoni.

Jumatano, 3 Aprili

Mama mkwe amesema miguu imepona na kliniki wamemwachia. Mke wangu amefurahi. Mimi nimepita lami mpya peke yangu, gari kimya, na sikuwa na raha nalo.

Jumamosi, 6 Aprili

Spana amefungua kiti. Hakuna kitu. Amekirudisha, skrubu moja imebaki. Anasema haina kazi.

Jumanne, 9 Aprili

Gauni limechelewa. Shemeji amepiga simu mara mbili, kwa upole wa mtu anayeogopa. Mama mkwe alikuwa mtu wa kumaliza gauni huku anapiga soga, na sasa anajifungia chumbani mchana kutwa. Anasema akimaliza tu anarudi kwake, asije akatulemea. Neno hilo, kutulemea, alilisema akikunja leso, hakumtazama mtu.

Chumbani mke wangu akaniuliza kama nimemwambia mama yake kitu chochote.

"Mimi?" nikasema. "Nimwambie nini mama wa watu?"

Sauti yangu niliisikia ilivyotoka. Ningekuwa kazini ningeikata.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimeupata.

Mchana umeme ulikatika, na punde mvua nayo ikakata. Nyumba ilinyamaza, friji, feni, hata televisheni ya jirani. Mke wangu alikuwa ameenda kwa shemeji. Mimi nilikuwa garini, nimelaza kiti cha mbele, kichwa chini ya dashibodi, naufagia mchanga uliovuja kwenye gunia siku ile. Nilikuwa naupita kila siku kama siuoni.

Tiki-tiki-tiki-tiki.

Gari limezimwa. Ufunguo uko mfukoni mwangu.

Furaha iliyonishika sijui niielezeje. Nilitoka kinyumenyume, nikapiga kisogo, sikujali. Mlio uliendelea. Nilisimama uani nimefumba macho, nikageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia, kama ninavyotafuta muungurumo kwenye waya wa kinasa sauti. Haukuwa unatoka garini. Ulikuwa unatoka nyumbani, kwenye dirisha la chumba cha mama mkwe, ambalo lilikuwa wazi. Nikanyata mpaka hapo.

Alikuwa amekaa mezani. Gauni jeupe limejaa mapajani mpaka sakafuni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mfuniko wa kopo la vifungo, nao ulikuwa unatetemeka wenyewe, vidole vinakwenda na kurudi, na subana inagonga bati. Hakuwa anauzuia. Alikuwa anautazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua kuaga.

Kisha akachukua sindano. Mkono ukatulia, si sana, lakini ukatulia. Akapiga mishono michache. Akaiweka sindano chini, akauweka mkono juu ya kopo apumzike, ukaanza tena.

Nilielewa yote kwa pamoja, na sikutaka. Kwenye lami laini alikuwa anaegemeza mkono kwenye plastiki ya mlango, mkono umepumzika, unatetemeka. Kwenye mashimo alikuwa anashika kishikio. Nilipogeuza kichwa alikuwa anauficha. Na alipokaa nyuma, upande ule wa kulia, mkono wa kushoto haukuwa na mlango wa kuugonga. Nimefungua kiti. Nimepima mchanga kwa bakuli.

Viatu vyangu vilikuwa na matope, vikalia. Akainua macho, na mkono ukapotea ndani ya gauni.

Tulitazamana. Ningeweza kusema natafuta paka. Hatuna paka.

"Ndio huo?" akaniuliza.

"Ndio huo, Mama."

"Niliujua tangu siku ya kwanza ulipogeuza kichwa. Nikasema moyoni, ataacha, gari ni chuma, halikosi kulia. Ukaenda gereji. Ukaenda tena. Kila ulipokwenda nikaona aibu zaidi ya jana yake, mpaka nikawa sina pa kuanzia."

Nilimuuliza kwa nini hakuivua subana akiwa garini. Akautoa mkono, akauweka mezani, ukagonga.

"Mara ya mwisho kuivaa kulinichukua asubuhi nzima," akasema. "Naogopa siku nitakayoivua nisiweze kuivaa tena."

Kliniki ilikuwa ya mkono. Haikuwahi kuwa ya miguu. Alikuwa anapewa dawa za wiki moja, wanamwangalia, wanampa nyingine, na daktari alimwonya asizikatishe hata siku moja. Amezikatisha tangu aliposema amepona. Nikamuuliza sababu, nikiijua.

"Ningekaaje tena pale mbele?" akasema. "Pana mwenyewe."

Nilisema nisamehe, Mama, nikasema tena, nikaona maneno yananitoka mepesi, hayalingani na kitu chochote. Nimesimama nje ya dirisha kama mtu anayeuza sabuni, matope mpaka magotini, na yeye ndani ana gauni ambalo ni la mwisho. Mabinti zake wote amewavalisha kwa mkono huo. Mke wangu alivaa gauni la mkono huo akisimama pembeni yangu. Akaniomba nisiwaambie, maana wakijua watalichukua gauni wampelekee fundi mwingine, kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo anayoiogopa kuliko ugonjwa.

Nikamwambia siwezi kumficha mke wangu kitu cha namna hii, na kwamba Jumatano anarudi kliniki hata nikimbeba. Akasema atawaambia mwenyewe kesho, kwa maneno yake.

Kisha akaniletea sindano na uzi hapo dirishani.

"Umenitafuta siku zote hizi, baba, umenipata. Sasa nitungie."

Nilishindwa mara tatu. Ya nne uzi ukapita.

Jumapili, 14 Aprili

Amewaambia, mbele ya chai, shemeji akiwepo. Alianza na habari ya gauni, akapitia habari ya mvua, akauweka mkono mezani. Shemeji alilia. Akasema gauni halitoki kwenye nyumba hii. Mama atamaliza pindo, yeye atabandika vifungo, na kama harusi itasubiri, isubiri. Mama mkwe akamwambia aache kulia juu ya kitambaa cheupe.

Mke wangu hakulia. Aliuliza kwa nini aliacha kliniki.

"Mvua," akasema mama mkwe, haraka, akichukua kikombe.

Pale ningenyamaza ingepita. Alinifungulia mlango wa kutorokea kwa mara ya pili, na nilishaona ndani ya mlango ule kuna nini.

"Si mvua," nikasema. "Ni mimi." Nikaeleza. Gunia, mizani, mkanda. Kofia pia. Mama mkwe alikuwa ananitikisia kichwa nisiendelee. Nikasema na studioni nimewasimulia. Nilipomaliza chai ilikuwa imepoa.

Mke wangu aliniuliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo siku ile ulivyoniuliza kilo za mama."

"Ndiyo."

Akainuka, akakusanya vikombe, hata ambavyo bado vilikuwa na chai.

Jumatatu, 15 Aprili

Mke wangu hanisemeshi.

Jumanne, 16 Aprili

Bado. Amenipa chakula, ameniwekea na chumvi pembeni. Hilo nimelishika kama habari njema.

Studioni wamenitaka nirudie kisa cha gunia, kuna mgeni hajakisikia. Nimesema sikikumbuki.

Jumatano, 17 Aprili

Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Niliwasha gari nikakaa, sikusema mbele wala nyuma. Mke wangu alimshika mama yake mkono mpaka garini, na alipofika kwenye milango alimwachia achague mwenyewe.

Mama mkwe alifungua wa mbele. Kabla ya kukaa akainama, akapitisha kiganja juu ya kiti, akakikung'uta. Nilidhani nilifagia wote.

"Mwenzangu ameacha mchanga," akasema.

Nilitazama mbele. Ndipo nikasikia mke wangu, nje ya dirisha, amecheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila ruhusa yake, na akaniambia niende polepole. Ndilo neno lake la kwanza tangu Jumapili.

Tulipita gereji. Spana alikuwa mlangoni, akatupungia, kisha akamwona aliyekaa mbele, akashusha mkono na kuvua kofia. Mama mkwe akamwitikia kwa kichwa. Baadaye, daktari alimgombeza kwa kukatisha dawa, na leo nilikuwa ndani, nimekaa kando yake, nikayasikia yote. Alisema mkono hautarudi kuwa wa zamani. Alisema dawa zitausaidia kutulia kwa muda, na zikikatizwa hivi kuzianza upya kunakuwa kugumu zaidi. Mama mkwe hakusema kwa nini zilikatizwa. Nikasema mimi.

Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imekatika na lami imekauka. Aliegemeza mkono mlangoni. Tiki-tiki-tiki-tiki. Mimi nikatazama barabara. Yeye alianza kuutoa, kwa mazoea, kisha akauacha pale ulipo.

"Washa redio, mwanangu," akasema baada ya muda. "Utachoka kunisikiliza."

"Sichoki, Mama."

Uligonga lami nzima. Kwenye mashimo ya nyuma ya soko akashika kishikio na kufumba macho, na huko nikaendesha polepole kuliko siku zote.